Sabufa ya hom thieta inavuma badala ya kupiga? Usinunue nyingine, panga chumba kwanza

Mzee wa Sebule (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jumapili. Kila wiki humu lazima aje mtu kuuliza nichukue sabufa gani yenye besi kali, na majibu ni yaleyale, chukua inchi 12, chukua inchi 15, ongeza wati. Mimi njia hiyo nilishaipita, nilikuwa na ya inchi 8 nikaiuza kwa hasara nikachukua inchi 12 ya mtumba, nikaifunga, na tatizo likawa lilelile tena limekua. Kwa hiyo leo nimekaa kitako niweke hapa nilichojifunza, maana inaniuma sana kuona mtu anatoa hela yake ngumu kutibu ugonjwa ambao hauko kwenye sabufa, uko kwenye kuta.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu mtu akisema sabufa watu wengi wanafikiria ile seti nzima yenye spika mbili, redio na sehemu ya flashi. Mimi naongelea boksi la besi peke yake, liwe lile lililokuja na hom thieta au lile linalojitegemea lenye amplifaya yake ndani unaliunga kwenye resiva, ile mashine inayogawa sauti kwa spika zote.

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4, dari mita 2.8, tofali za inchi 6 zimepigwa plasta, marumaru chini, jipsamu juu, dirisha moja kubwa la alumini. Sabufa niliisukuma kona ya mbele kushoto kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi, kochi kubwa limegusa ukuta wa nyuma. Naweka muvi, mimi nimekaa katikati ya kochi nasikia mlio wa chini umepwaya, kuna noti zinapotea kabisa, halafu noti moja ikipita kitu kinavuma vuuuuum mpaka maneno ya waigizaji yanafunikwa. Mwanangu aliyekaa mwisho wa kochi hilohilo mita moja na nusu tu kutoka nilipo mimi ananiambia baba punguza inaumiza masikio. Mama watoto yuko mlangoni kwa jikoni anasema huku ndio inapiga vizuri. Sabufa moja, volyumu moja, watu watatu majibu matatu. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba boksi halina kosa.

Sababu yake iko hivi. Sauti ya besi ina wimbi refu. Kwa joto la Dar sauti inakimbia kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 35 Hz, yaani linalotetema mara 35 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 10. Likitoka kwenye sabufa linagonga ukuta linarudi, linakutana na linalokuja, na kama nusu ya wimbi inalingana na urefu wa chumba basi chumba chenyewe kinaanza kuimba noti hiyo. Kwenye kuta sauti inajaa, katikati inakufa. Hesabu ni nyepesi, chukua 174 (nusu ya ile 349) gawanya kwa kipimo cha chumba kwa mita. Kwangu urefu wa mita 5 unatoa kama 35 Hz, upana wa mita 4 unatoa 43 na kitu, kimo cha mita 2.8 kinatoa 62. Na kila noti ina wajukuu wake, ile 35 inazaa 70, inazaa 105. Sasa rudi kwenye kisa changu, nimekaa katikati ya upana, yaani palepale ambapo 43 inakufa, mwanangu yuko ubavuni mwa ukuta ambapo inajaa. Halafu wote tumeegemea ukuta wa nyuma ambapo 35 na 70 ziko kileleni. Kona nayo ndiyo mbaya zaidi, sabufa ikikaa kona inaamsha noti zote za chumba kwa pamoja.

Na hapa niseme kitu ambacho sikioni kwenye video za Wamarekani. Nyumba zao nyingi ni fremu za mbao zimepigwa jipsamu pande zote, ukuta unacheza kidogo, besi nyingine inamezwa, nyingine inatoka nje. Sisi tumejenga kwa tofali na zege. Ukuta haumezi kitu, unarudisha karibu yote, kwa hiyo zile noti za chumba kwetu zinavimba zaidi na zinachelewa kufa. Ushauri wao ni mzuri ila dozi yetu ni kubwa kuliko yao, kupanga mahali pa sabufa kwetu sio anasa.

Nilivyofanya. Nilishusha programu ya bure ya kutoa mlio wa noti moja kwenye simu, nikaunga na waya wa AUX, na simu ya mama watoto ikawa na programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Angalizo, maiki ya simu sio sahihi huko chini, kwa hiyo usilinganishe 30 Hz na 80 Hz, linganisha noti ileile sehemu mbili tofauti. Nikapiga 43 Hz volyumu haiguswi. Kiti changu 71, kiti cha mtoto 89. Desibeli 18 ndani ya kochi la familia moja!

Basi nikafanya ile ya kutambaa. Nilihamisha kochi, nikaiweka sabufa palepale ninapokaa, nikaweka wimbo wenye besi inayopanda na kushuka hatua kwa hatua (sio ya dundo moja), halafu nikapita kwa magoti kwenye marumaru nikifuata kuta zote, sikio liko kimo cha koni ya sabufa. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka A kwenda B ni sawa na kutoka B kwenda A. Mwanangu yuko nyuma yangu na selotepu, kila nikisikia noti zote zinatoka sawasawa anabandika alama chini. Kona zote nne zilivuma. Ukuta wa dirisha ulikuwa nusu nusu. Nilipofika ukuta wa TV, kama sentimita 60 kulia kwa katikati, pembeni tu ya meza ya TV, nikasimama. Gitaa la besi lilikuwa linatembea, kila noti ina mwanzo na mwisho wake, hakuna inayoiparamia nyingine. Nilirudi nyuma nusu mita nikarudi mbele tena kuhakikisha. Hapohapo.

Sabufa ikaenda pale, kochi likavutwa mbele mita moja kutoka ukutani. Nikapima tena 43 Hz, kiti changu 79, kiti cha mtoto 82. Sikununua hata waya.

Baada ya mahali ndipo uguse vitufe, na wengi tunaanza huku ndio maana tunapotea:

Kama una resiva, krosova ya nyuma ya sabufa (ule mpaka unaogawa besi iende sabufa na sauti za juu ziende spika) zungusha mpaka mwisho au weka kwenye LFE, ile njia maalumu ya besi, acha resiva ifanye kazi hiyo, zikikata zote mbili zinagongana. Kwenye menyu ya resiva spika zote weka "ndogo", krosova 80 Hz, hicho ndicho kiwango cha THX (wale wa viwango vya sauti za sinema) na kinafaa spika nyingi za nyumbani, ila kama spika zako ni zile vidole za hom thieta ndogo panda 120 au hata 150 maana chini ya hapo hazina kitu. Volyumu ya sabufa weka katikati kisha washa kile kipimo ambacho resiva inajipimia yenyewe kwa maiki yake, feni na AC zimezimwa, watoto nje. Ikimaliza angalia imeipa sabufa kiwango gani, kama imeshusha mpaka mwisho kabisa wa kipimo basi kifundo cha nyuma kilikuwa juu mno, kishushe upime upya. Ikikuambia sabufa iko mita 5 wakati utepe unasema 3 usiirekebishe, saketi za ndani ya sabufa zinachelewesha sauti na resiva imehesabu hilo.

Feizi, yaani sabufa na spika zisukume hewa kwa pamoja zisipingane. Piga mlio wa 80 Hz, spika za mbele na sabufa vyote vinapiga, wewe umekaa kwenye kochi, mtu mwingine akageuze swichi 0 na 180. Inayosikika kubwa pale ulipo ndiyo sahihi. Usigeuze mwenyewe ukiwa umeinama nyuma ya sabufa, hapo unasikia kitu kingine kabisa.

Maswali karibuni, nipo.

binti_wa_Tabata

Mkuu asante kwa bandiko, nimesoma mpaka mwisho. Yangu inatoa mngurumo hata kama hakuna kinachopiga, resiva kimya lakini sabufa inasema mmmmmm muda wote. Hiyo nayo ni chumba?

Fundi Redio Arusha

Dada hiyo sio chumba, huo ni mlio wa umeme, umeme wetu ni 50 Hz na ndio unaousikia. Mara nyingi vifaa viwili vimeunganishwa na ethi (waya wa ardhini) kwa njia mbili tofauti na tofauti yao inapita kwenye waya wa RCA, ule unaopeleka sauti kwenye sabufa. Fanya hivi, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mlio ukikata mwizi ni huyo, tafuta kile kifaa kidogo cha kutenganisha ethi ya waya wa antena. Usipokata, chomoa RCA kwenye sabufa, ukikata hapo badilisha waya, chukua wenye kinga nzuri na usiupitishe sambamba na ekstensheni. Na jaribu kuchomeka resiva, TV na sabufa kwenye soketi moja ya ukutani. Kitu kimoja naomba sana, asije mtu akakuambia ukate ule waya wa kijani na njano kwenye plagi. Mlio utaisha kweli ila siku kifaa kikivuja umeme utapita kwako.

binti_wa_Tabata

Nimechomoa waya wa dishi imenyamaza papohapo!! Miezi minane nimeishi na ule mlio. Ubarikiwe fundi.

Njoro wa Umoja

Wadau salamu kutoka Nairobi. Keja yangu sitting room ni mita 3.5 kwa 3.5, nimepiga ile hesabu yako naona urefu na upana zinatoa namba moja. Hiyo ni poa ama ni mbaya? Juu besi yangu iko noti moja tu, kila ngoma inasound sawa, na jirani wa chini ashaanza kuteta kwa keateka, yule msimamizi wa nyumba.

Mzee wa Sebule

Kaka hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, chumba cha mraba noti mbili zinaangukia mahali pamoja. Nairobi kuna ubaridi kidogo tumia 172, inakupa 49 Hz kwa urefu na 49 kwa upana, zinapandana mgongoni. Ndio hiyo noti moja unayoisikia. Sabufa itoe kona leo hii, iweke katikati ya ukuta wa mbele kadiri meza ya TV inavyoruhusu. Ukiiweka katikati ya upana ile 49 ya upana haiamshwi, inabaki ya urefu peke yake. Kochi litoe ukutani hata nusu mita, ila usije ukakaa katikati kabisa ya chumba maana hapo 49 itakufa na utarudi kusema sabufa mbovu.

Kuhusu jirani, kuweka sabufa juu ya povu kunapunguza mtikisiko unaoshuka kwenye slabu lakini sauti ya hewani itapita tu, besi haizuiwi na mlango wala pazia. Dawa ni hiyo noti iliyovimba, ukiituliza yeye anapumzika na wewe unasikia zaidi kwa volyumu ndogo.

Mjomba Chuma

Mi studio yetu tumebandika trei za mayai ukuta mzima na besi imetulia. Si rahisi tu kufanya hivyo nyumbani?

Mzee wa Sebule

Mjomba nakuheshimu ila kwa besi trei hazifanyi kitu. Kitu chenye vitundu kama povu au sufi ya miamba ili kimeze wimbi vizuri kinatakiwa kuwa na unene unaokaribia robo ya wimbi. Wimbi la 35 Hz mita 10, robo yake mita 2 na nusu. Trei ni sentimita ngapi? Inaweza kupunguza mwangwi kidogo huko juu kwenye sauti za makofi na herufi s, kwa hiyo chumba kikaonekana kimetulia, lakini huku chini wimbi linapita kama trei haipo. Na zinashika moto haraka, kwenye chumba wanacholala watoto mimi siwezi.

Shangani Kwetu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu bibi, kuta za mawe na chokaa nene kweli, chumba kirefu chembamba kama vilivyo vyote vya zamani kwani upana ulikuwa unafuata urefu wa boriti. Chumba mita 7 kwa 2.7. TV ipo upande mfupi. Nikikaa kitandani mwisho wa chumba nyumba yataka kuruka, nikija katikati hamna kitu. Nifanyeje na ukuta siwezi hata kutoboa msumari.

Mzee wa Sebule

Waalaykum salaam kaka, swali zuri sana hili. Urefu wa 7 unakupa 25, 50 na 75 Hz, upana wa 2.7 unakupa 64. Hiyo 25 kwenye muziki haipo sana, inakuja kwenye muvi, lakini 50 na 75 ndio roho ya besi yenyewe na ukutani mwa nyuma zote mbili ziko juu. Kila noti ina sehemu zake za kufa. 50 inakufa robo ya chumba kutoka kila ukuta, 75 inakufa sehemu ya sita, nusu, na sehemu ya sita kutoka upande wa pili. Ukikaa mita 1 na robo hivi kutoka ukuta wa nyuma 75 imekufa na 50 imepungua sana, ukikaa katikati kabisa 25 na 75 zimekufa zote na ndio maana unasema hamna kitu. Mimi ningejaribu kiti mita 2 na nusu kutoka nyuma, hapo hakuna noti iliyokufa kabisa, ila 75 itakuwa karibu na kilele chake.

Na kama utapata uwezo, chumba chako ndicho hasa kinachofaa sabufa mbili ndogo, moja katikati ya ukuta mfupi wa mbele na ya pili katikati ya ukuta mfupi wa nyuma. Zikipiga pamoja zinaifuta ile noti ya kwanza ya urefu na ya tatu. Hii sio yangu, Todd Welti na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliifanyia utafiti miaka ya 2000 mwanzoni, wakakuta mbili katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya viti vyote visikie karibu sawa, na nne zinafanya vizuri zaidi. Sabufa mbili za inchi 8 kwa chumba kile mimi nazichagua mbele ya moja ya inchi 15.

Fundi Redio Arusha

Naongezea kwenye ikwalaiza, ile ya kupandisha au kushusha noti moja moja, maana Mzee hajaigusa. Ukishapanga mahali, kinachobaki juu unakikata, kilichozama usikiinue. Kuinua desibeli 10 unahitaji nguvu mara 10, sabufa ya wati 200 unaiambia itoe 2000, koili itaungua na pale kwenye kochi bado hutasikia kitu kwa sababu wimbi linajifuta lenyewe, unavyoongeza ndivyo linavyojifuta. Kukata kilele ni tofauti, ukikata finyu palepale kwenye noti ya chumba hata ule mvumo wa kuchelewa kuisha unapungua. Programu ya REW ya kupima sauti ya chumba kwa kompyuta ni ya bure, maiki ya UMIK-1 ndio inanunuliwa, kama kuna mtu wa studio mtaani muombe mchangie. Anayetaka kukata vizuri kuna kile kiboksi cha miniDSP kinakaa kati ya resiva na sabufa.

Mzee wa Sebule

Umenena fundi. Mimi maiki niliazima kwa siku moja, grafu ikanionyesha ile 70 ilishatulia baada ya kuvuta kochi, ila 35 ilibaki imesimama peke yake kama mnazi. Nikakata desibeli 6 hapo tu. Siku hiyo ndio kwa mara ya kwanza nilisikia ngoma ya chini na mguu wa dramu kama vitu viwili.

Nimekumbuka na hili. Ukimaliza yote piga mlio upandishe taratibu kutoka 20 mpaka 100, halafu zunguka na kiganja ugusegusa vitu. Kwangu ilipofika 52 dirisha la alumini lilianza kulia zzzzz, nilikuwa nadhani ni koni ya sabufa imechanika. Nilichana kipande cha mpira wa tairi la baiskeli nikakibana kati ya kioo na reli, kimya. Sahani mbili za kabatini nazo zilikuwa zinagongana 61, nikaweka kitambaa katikati.

binti_wa_Tabata

Swali la mwisho, yangu ina tundu nyuma, kuna mtu aliniambia niweke soksi ndani ya tundu itulie. Ni kweli?

Fundi Redio Arusha

Inafanya kazi dada, sifongo au soksi iliyokunjwa inalifanya boksi likaribie lile lililofungwa, besi ya chini kabisa inapungua lakini inakuwa kavu zaidi. Kwa chumba kidogo cha tofali mara nyingi inasaidia. Ila jaribu baada ya kuhamisha, sio kabla. Hakikisha imebana isije ikanyonywa ndani, na kama boksi lina amplifaya yake likagusike baada ya saa moja, likichemka kuliko kawaida itoe.

Njoro wa Umoja

Nimerudi. Nimetoa kona, nimeweka kando ya TV, kochi liko sentimita 70 kutoka kwa ukuta. Sasa naskia besi ya ngoma tofauti tofauti. 49 bado iko juu kidogo nikikaa kushoto. Msee wa studio hapa mtaani ako na hiyo maiki, Jumamosi ananikopesha.

Mzee wa Sebule

Safi kaka. Pima viti vyote viwili usipime kimoja, na uchore kwenye karatasi umbali wa sabufa kutoka kuta zote mbili kabla hujaisogeza tena, mimi sikuchora mara ya kwanza ikabidi nitambae upya. Lete grafu hapa tukate pamoja.